Imasheni ya Kifaransa Kanada: mlango upi, lini uombe, na nyumbani ufanye nini

Kila mwaka theluji ya kwanza ikishaanguka, simu yangu huanza kulia. Ni wazazi wenzangu Waswahili hapa Ottawa, na swali ni lile lile: "Nasikia kuna shule za serikali zinasomesha kwa Kifaransa, bure. Wangu ataingiaje?" Huwa najibu kwanza kwamba ukiuliza mwezi huo bado hujachelewa. Mengine yote ni marefu, ndiyo maana nimeamua kuyaandika mara moja.

Kwenye fomu utaona pameandikwa French Immersion. Sisi tumezoea kuiita imasheni. Si shule ya peke yake, ni mkondo ndani ya shule ya Kiingereza ya serikali. Mtoto asiyejua neno la Kifaransa anakaa darasani, na mwalimu anamfundisha hesabu, sayansi, nyimbo na kukata karatasi kwa Kifaransa. Kifaransa hakiwi somo la saa nne mpaka saa nne na nusu, kinakuwa ndiyo lugha ya kusomea masomo. Karo hakuna.

Mambo haya yalianzia St. Lambert, mji ulio ng'ambo ya mto ukitokea Montreal. Wazazi wasemao Kiingereza walichoka kuona watoto wanasoma Kifaransa mwaka hadi mwaka na bado hawawezi kupiga soga na jirani. Wakaisumbua bodi ya shule mpaka ikakubali, na Septemba 1965 likafunguliwa darasa la chekechea la majaribio. Wallace Lambert na Richard Tucker wa Chuo Kikuu cha McGill wakawafuatilia wale watoto mwaka baada ya mwaka, kuona kama Kiingereza chao kitaharibika. Hakikuharibika. Leo kuna watoto zaidi ya laki nne kwenye imasheni nchini Kanada.

Sisi tuliosoma Tanzania tuna kumbukumbu yetu ya kuzamishwa. Miaka saba unasoma kwa Kiswahili, halafu Kidato cha Kwanza mwalimu wa fizikia anaingia na Kiingereza, anatoka nacho, na wewe umenakili ubao mzima bila kujua umeandika nini. Wazazi wengi wakisikia imasheni wanaiona sura hiyo, wanaogopa. Imasheni haiko hivyo. Darasa zima linaanza sifuri pamoja, na mwalimu anaielewa lugha ya watoto. Mtoto akisema kwa Kiingereza kwamba tumbo linamuuma, anaeleweka, ila anajibiwa kwa Kifaransa huku mwalimu akijishika tumbo na kukunja uso. Hakuna anayetegemea mtoto ajue asichofundishwa.

Hatua ya kwanza: hakikisha uko kwenye mlango sahihi

Hapa ndipo watu wetu wanapopotea zaidi, hasa ndugu wa Kongo, Burundi na Rwanda, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nje ya Québec, mkoa wa wasemao Kifaransa, kuna njia mbili tofauti kabisa za kusoma kwa Kifaransa katika shule za serikali. Moja ni imasheni, iliyotengenezwa kwa ajili ya mtoto ambaye nyumbani kwao Kifaransa hakizungumzwi. Ya pili ni shule za Kifaransa zenyewe, zenye bodi zao, walimu wao na ofisi zao. Huko mwalimu mkuu ni Kifaransa, mfagizi ni Kifaransa, na barua ya nyumbani inakuja kwa Kifaransa. Ontario, mkoa wetu sisi wa Ottawa, ina bodi 12 za namna hiyo, nne za umma na nane za Kikatoliki. Toronto utazikuta Viamonde na MonAvenir, Ottawa kuna CEPEO na CECCE, Edmonton kuna Centre-Nord, Calgary FrancoSud, na British Columbia nzima inahudumiwa na bodi moja, Conseil scolaire francophone.

Jirani yangu mmoja, mama wa Bukavu, alimwandikisha mwanawe imasheni akidhani ndiyo hiyo shule ya Kifaransa. Mtoto nyumbani anabishana na dada zake kwa Kifaransa kuhusu nani kala mkate wa nani. Shuleni akakalishwa na wenzake wanaojifunza *rouge*, *bleu*, *jaune*. Kufika Novemba alikuwa anamaliza kazi kabla ya wengine kufungua penseli, halafu anaanza fujo. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemwambia mama: huyu mahali pake si hapa. Alihamishiwa shule ya Kifaransa Januari.

Sheria inayohusika ni kifungu cha 23 cha Mkataba wa Haki wa mwaka 1982. Kinampa haki raia wa Kanada ambaye lugha yake ya kwanza, na bado anaielewa, ni Kifaransa, au aliyesoma msingi kwa Kifaransa hapa hapa Kanada, au ambaye mtoto wake mmoja anasoma au amesoma kwa Kifaransa hapa. Ukikisoma neno kwa neno, Mkongomani aliyekua na Kiswahili na akasoma kwa Kifaransa Bukavu hamo. Lakini usikate tamaa ukaondoka. Bodi za Kifaransa zina kamati za kupokea wanafunzi wasio na haki hiyo ya moja kwa moja, na familia za wageni wanaojua Kifaransa hupokelewa kwa njia hiyo kila mwaka. Piga simu bodi yenyewe, waambie mnazungumza nini nyumbani, omba kikao.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulijua wakiwa wamechelewa. Mtoto akisoma shule ya Kifaransa na nyinyi wazazi mkawa raia, wadogo zake nao wanapata haki, na yeye mwenyewe kesho akiwa mzazi anayo. Imasheni haimpi haki hiyo hata akae miaka kumi na tatu.

Basi kipimo changu ni hiki: kama kuna mtu mzima ndani ya nyumba anayeweza kumgombeza mtoto kwa Kifaransa bila kutafuta maneno, anza na bodi ya Kifaransa. Kama hakuna, kama nyumbani kwangu, imasheni ndiyo yenu.

Mkiwa Québec, hesabu ni nyingine. Kwa sheria ya lugha ya mwaka 1977, watoto wa wahamiaji karibu wote huingia shule za Kifaransa moja kwa moja, na imasheni ya huko ni ya shule za Kiingereza, kwa wenye haki ya kuzisoma. Mwongozo huu hautawasaidia sana.

Na usipochagua chochote? Ontario mtoto atapata Kifaransa cha kawaida, kinachoitwa Core French, ambacho ni lazima kuanzia darasa la nne hadi la nane. Tofauti iko kwenye saa. Mpaka mwisho wa darasa la nane, Kifaransa cha kawaida kinalenga saa 600, mkondo wa kati unaoitwa Extended French saa zisizopungua 1,260, na imasheni saa zisizopungua 3,800. Mimi nikiulizwa kwa nini nilihangaika, huonyesha tarakimu hizo tatu nikanyamaza.

Hatua ya pili: jua bodi yako inaingiza watoto umri gani

Usimuulize rafiki aliye mji mwingine. Kila mkoa, na ndani ya mkoa kila bodi, ina utaratibu wake. Nimeona watu wa Mississauga wakifuata ushauri wa Toronto na kukosa nafasi, na ni mwendo wa nusu saa kwa gari.

Kwa Ontario, mtoto huanza chekechea ya kwanza Septemba ya mwaka anaotimiza miaka minne, na chekechea ya pili mwaka unaofuata. Toronto, bodi ya umma huingiza imasheni kuanzia chekechea ya pili, kwa hiyo maombi yanafanywa mtoto akiwa bado ya kwanza. Bodi ya Peel, ambayo ndiyo ya Mississauga, huanzia darasa la kwanza. British Columbia milango ni miwili: chekechea au darasa la kwanza, na tena darasa la sita kwa wakubwa. Manitoba wana tatu: mwanzoni, darasa la nne, na la saba. New Brunswick, ambao ndio mkoa pekee wenye lugha mbili rasmi, wanaanzia darasa la kwanza na wana mlango wa darasa la sita. Mwaka 2023 serikali ya huko ilitaka kuiondoa imasheni na kuweka mpango mwingine kwa watoto wote. Wazazi walijaa kwenye mikutano wakapaza sauti mpaka wazo likawekwa kando.

Huo mlango wa wakubwa uandike mahali. Ukifika Kanada na mtoto wa miaka kumi na moja, utaambiwa imasheni umeshaikosa. Umekosa ya wadogo tu. Uliza: "Kuna ya darasa la sita au la saba?" Watoto wakubwa hushika haraka kwa sababu wanajua kusoma tayari, na mtoto aliyekwisha vuka kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza ana uzoefu wa kuvuka ambao wenzake wa hapa hawana.

Ontario pia ina bodi za Kikatoliki za Kiingereza zenye imasheni. Shule zao za msingi kwa kawaida hutaka ithibati kwamba mtoto au mzazi ni Mkatoliki, yaani cheti cha ubatizo. Waislamu na wengineo tunakwenda bodi ya umma.

Hatua ya tatu: kalenda

Maombi ya Septemba hufungwa majira ya baridi yanayotangulia. Bodi nyingi hufungua dirisha kati ya Novemba na Februari, zingine kwa wiki chache tu. Hili limewaponza wengi kuliko jambo jingine lolote, mimi nikiwemo.

Binti yangu alipokuwa chekechea ya kwanza, niliulizia imasheni mwezi wa Oktoba kwenye shule moja ambayo siitaji. Mama wa mapokezi, mkarimu kabisa, akaniambia nirudi Septemba. Nikamshukuru, nikaenda zangu. Septemba nikarudi na bahasha yangu. Maombi yalikuwa yamefungwa tangu mwisho wa Januari. Tuliingizwa orodha ya kusubiri, na nafasi ikapatikana wiki ya pili ya masomo, Alhamisi, mtoto akiwa ameshapata rafiki darasani kwake na hataki kuondoka. Alilia mpaka Jumatatu.

Tangu hapo tarehe siichukui mdomoni mwa mtu. Ingia kwenye tovuti ya bodi, si ya shule, mwezi wa Oktoba. Tafuta ukurasa wa imasheni, nakili tarehe ya kufungua na ya kufunga, weka kengele kwenye simu. Kama kuna kikao cha wazazi, hudhuria hata kwa mtandao. Kiingereza kikikutatiza, shule nyingi za mijini zina afisa wa kuwasaidia wageni wapya anayekuja siku fulani za wiki, na wengine wanasema Kiswahili. Omba miadi naye. Hiyo ndiyo kazi yake, husumbui.

Hatua ya nne: makaratasi

Hapa ni pepesi. Cheti cha kuzaliwa au pasipoti ya mtoto, uthibitisho wa anwani (mkataba wa nyumba au bili), karatasi za uhamiaji mlizo nazo, na kadi ya chanjo. Kadi ya kliniki ya Muhimbili au ya Coast General inakubalika kama taarifa, lakini majina ya chanjo yatafsiriwe, na zikipungua ofisi ya afya ya mji itakupangia.

Kama karatasi za uhamiaji hazijakamilika, bado nenda. Sheria ya elimu ya Ontario inakataza kumnyima mtoto shule kwa sababu yeye au mzazi hana kibali cha kuwepo nchini. Wapo ndugu zetu waliowaweka watoto ndani miezi kwa woga huo.

Watu wa Pemba na Lamu, andikeni jina la mtoto lile lile kwenye kila karatasi. Binti Salim kwenye pasipoti na Salim Omar kwenye chanjo ni watu wawili machoni pa kompyuta.

Hatua ya tano: kura, foleni na basi

Nafasi zikiwa chache kuliko waombaji, bodi nyingi hupiga kura. Vancouver ni hivyo. Peel kwa miaka kadhaa imeweka kikomo cha asilimia 25 ya watoto wa darasa la kwanza, wanaozidi wanaingia kwenye kura. Toronto wameenda njia nyingine, waliowahi kuomba kwa wakati wanahakikishiwa nafasi, ila huenda isiwe shule ya jirani. Mwenye kaka au dada tayari kwenye mkondo mara nyingi hupewa kipaumbele. Kura hazina mjomba, usihangaike kutafuta wa kuongea naye.

Ukibaki orodha ya kusubiri, usikubali kutolewa. Mwisho wa Agosti na wiki mbili za Septemba watu huhama miji, nafasi hufunguka. Jibu barua pepe siku hiyo hiyo.

Kabla ya kusema ndiyo, uliza basi. Imasheni mara nyingi haiko kwenye shule iliyo mtaani kwako, na basi la shule lina masharti yake ya umbali, au halipo kabisa. Namjua baba anayeendesha lori usiku ambaye alipata nafasi, akafurahi, halafu ikawa kila asubuhi anatoka kazini moja kwa moja kumpeleka mtoto akiwa anasinzia barabarani. Walidumu mpaka Desemba. Pima njia ya Januari, si ya Juni.

Hatua ya sita: nyumbani, na wewe hujui Kifaransa

Karibu wazazi wote wa imasheni hawajui Kifaransa. Mpango uliundwa kwa ajili yao, ndiyo maana barua za shule na vikao vya wazazi ni kwa Kiingereza. Hutakiwi kuwa mwalimu. Lakini hutakiwi pia kukaa kando.

Sentensi ya kwanza nzima atakayorudi nayo huenda ikawa *Est-ce que je peux aller aux toilettes?* Ni ruhusa ya kwenda chooni, na watoto wote huikariri kwa sababu ina manufaa. Wangu aliiimba wiki nzima bila kujua maneno yanaanzia wapi na kuishia wapi. Usimtake akutafsirie. Kwa miezi mingi ataelewa asiyoweza kusema. Ukimwuliza "leo umejifunza nini kwa Kifaransa?" atajibu "hakuna," nawe utaanza kuwa na wasiwasi bure. Mwambie badala yake akufundishe wimbo, au achezee wanasesere shule. Jifiche mlangoni usikilize. Mwalimu wake mzima yumo mle, na mikono kiunoni.

Baadaye vitakuja vitabu vidogo vya kusoma, na hapa Kiswahili kinakusaidia kuliko unavyodhani.

Herufi *r* ya Kifaransa inawatesa watoto wa Kiingereza. Mtoto wa pwani anayesema *ghali*, *ghafla* na *lugha* kwa gh yetu ya kooni tayari anayo. Nilimwambia binti yangu alisome neno *rue* kama linaanza na gh ya *lugha*, na mwalimu akaniuliza nani anamfundisha nyumbani. *Gn* ya *montagne* ni ny ya *nyanya*, basi. *Ch* ndiyo mtego: mtoto aliyezoea *chai* ataisoma *chat* kama chai iliyokatwa, kumbe ni *sha*, na t haisomwi. Mwambie mapema kwamba Wafaransa huandika herufi za mwisho kisha wakazisahau. Irabu ya *tu* hatuna. Aseme i huku amechongoa midomo kama anapiga mluzi.

Halafu kuna mambo ya *le* na *la*. Mtoto wa Kiingereza huona ni uonevu kwamba meza iwe ya kike. Wetu, kama Kiswahili chake kiko hai, anajua tangu utotoni kwamba ni *kitabu hiki kizuri* na *embe hili zuri*, kwamba nomino huburuta maneno yaliyo nyuma yake. Mpe mfano huo. Ngeli zetu ni nyingi kuliko jinsia mbili za Kifaransa, na anazisema bila kufikiri.

Hesabu zina kichekesho chake. 75 kwa Kifaransa cha Kanada ni *soixante-quinze*, yaani sitini na kumi na tano, na 99 ni *quatre-vingt-dix-neuf*, nne mara ishirini na kumi na tisa. Yule jirani yangu wa Bukavu alijitolea kumsaidia binti yangu. Akamfundisha *septante-cinq* na *nonante-neuf*, kama walivyorithi Wakongo, Warundi na Wanyarwanda kutoka kwa Wabelgiji. Ni Kifaransa sahihi kabisa, na kina akili zaidi ukiniuliza mimi. Mwalimu aliandika pembeni, kwa upole, kwamba hapa tunasema vingine. Mkiwa na shangazi au mjomba wa huko, mkubaliane kabla ya mtihani wa hesabu.

Dakika kumi kwa siku zinatosha. Maktaba ya mtaa ina vitabu vya Kifaransa vyenye sauti, bure kwa kadi. Katuni atakazoangalia, geuza lugha iwe Kifaransa siku mbili kwa wiki. Atalalamika siku ya kwanza tu.

Hatua ya saba: Kiingereza kitachelewa kidogo, Kiswahili kisiachwe

Kwenye imasheni ya wadogo, mtoto hujifunza kusoma kwa Kifaransa kwanza. Baadhi ya mikoa Kiingereza darasani huanza darasa la tatu au la nne. Katikati hapo, binamu yake aliye darasa la Kiingereza atakuwa anasoma vibao vyote barabarani, na wako anababaika. Bibi atapiga simu kutoka Tanga akuulize unamfanyia nini mtoto. Hilo lilionekana hata kwa wale watoto wa St. Lambert: walikuwa nyuma kwenye kusoma Kiingereza mpaka walipoanza kufundishwa, kisha wakawafikia wenzao. Kwa watoto wetu kuna Kiingereza mtaani, kwenye televisheni, uwanjani. Hakina haja ya mtetezi.

Kiswahili ndicho kinachohitaji mtetezi. Nimewaona wazazi wakihamia Kiingereza nyumbani ili mtoto "asichanganyikiwe" na lugha tatu. Mtoto hachanganyikiwi. Mtoto wa Bujumbura au wa Goma hukua na tatu na hakuna anayempeleka kwa daktari. Ukimsimulia hadithi kwa Kiswahili, ukamweleza kwa nini maji huchemka, anapata mawazo ambayo yatavaa nguo ya Kifaransa kesho yake darasani. Ukimsemesha Kiingereza chako cha kuungaunga, atapata maagizo tu: kula, vua viatu, lala.

Kuna shule zitakazokushauri kwa nia njema kwamba mtoto ambaye Kiingereza bado hakijakaa asiingie imasheni. Sikiliza, shukuru, kisha uliza kama huo ni ushauri au ni kanuni. Wizara ya Elimu ya Ontario yenyewe imeshatoa mwongozo wa kuwakaribisha watoto wanaojifunza Kiingereza kwenye mipango ya Kifaransa. Mtoto wako kwenye darasa la Kiingereza atakuwa nyuma ya kila mtu. Kwenye imasheni siku ya kwanza wote wako mstari mmoja.

Hatua ya nane: akikwama

Atakwama, mara nyingi darasa la tatu au la nne, maneno yanapokuwa marefu na sayansi inapoacha picha. Kwanza masikio na macho: mpeleke apimwe. Pili, muulize mwalimu swali moja mahususi, shida iko kwenye Kifaransa au kwenye kusoma kwenyewe? Mtoto mwenye ugumu wa kusoma atakuwa nao kwa Kiingereza pia, na kumhamisha mkondo hakuuondoi. Ana haki ya mpango wa msaada wa kibinafsi akiwa ndani ya imasheni. Tatizo ni kwamba walimu wa msaada wanaojua Kifaransa ni wachache, na shule nyingine husema "huko Kiingereza atasaidiwa zaidi." Huenda ni kweli kwa shule hiyo. Uliza msaada gani, saa ngapi kwa wiki, na uombe kwa maandishi.

Kumtoa si dhambi. Mtoto anayeamka kila siku na tumbo la shule, mwaka mzima, usimng'ang'anize kwa ajili ya tarakimu zangu za saa 3,800. Ila jua kwamba kutoka ni rahisi na kurudi karibu haiwezekani, kwa hiyo usiamue wiki ya kadi za ripoti.

Sekondari na cheti

Darasa la tisa wengi huacha kwa sababu marafiki wanaacha, au shule yenye imasheni iko mbali, au wanaogopa alama za chuo. Ontario, cheti cha imasheni hupatikana kwa kozi kumi (kwenye karatasi utaona credits) zinazosomwa kwa Kifaransa: nne za somo la Kifaransa na sita za masomo mengine. Angalia mapema, darasa la saba hivi, sekondari ya eneo lenu inatoa masomo gani. Nyingine zina jiografia na historia na hapo mwisho.

Usitegemee atoke anaongea kama mtoto wa Québec. Watafiti wamelisema kwa miaka: wanafunzi wa imasheni huelewa na kusoma vizuri sana, kuzungumza na kuandika hubaki nyuma. Dawa ni kuzungumza nje ya darasa, kambi za kiangazi, timu ya mpira ya Gatineau, ng'ambo ya mto upande wa Québec, kwa sisi wa Ottawa, ambako kocha hatakusubiri utafute neno.

Darasa la kumi na mbili, mwandikishe DELF, mtihani wa kupima Kifaransa cha mgeni, ambao bodi nyingi huwafanyia wanafunzi wao kwenye shule. Cheti hutolewa na Ufaransa na hakiishi muda. Ngazi ya B2, ya juu kabisa ya DELF, ndiyo ya kulenga. Mtihani una sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja alama 25. Anahitaji 50 kwa jumla na zisipungue 5 kwenye sehemu yoyote. Kikija, tengeneza nakala mbili, na ile halisi iingie kwenye bahasha ile ile ya vyeti vya kuzaliwa.